Simu Yako Inapumua Sana

Hatukuwa tumetembea hata dakika arobaini nilipotoa simu mfukoni kwa mara ya saba kupiga picha ya ua. Mjomba alikuwa mbele yangu hatua kama kumi, mikono nyuma, katulia kama mtu anayesubiri daladala ambayo ana hakika itakuja. Alinitazama nikiinama, nikitafuta mwanga, nikipiga, nikifuta, nikipiga tena. Mwishowe akasema kwa upole:

"Mama, hiyo simu yako inapumua sana."

Mjomba ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Ndiyo maana hata akinisuta hunisuta kwa heshima, nami hukosa pa kujitetea. Siku ile alikuwa amenikamata kweli. Nina picha 214 za Mlima Loleza kwenye simu, na nikisema ukweli, zaidi ya nusu yake hazikupigwa kwa ajili ya maua. Zilipigwa na mtu aliyeishiwa pumzi akaona haya kusema.

Nimezaliwa na kukulia Mbeya mjini. Kwetu sisi Loleza ni mlima wa kutazama. Mama alikuwa akiamka asubuhi anautazama huo kwanza kabla hajaamua kufua. Ukiwa umevaa kofia ya wingu, nguo zinasubiri. Shuleni tulipoambiwa tuchore mlima, darasa zima lilichora huohuo, na minara ya mawasiliano imesimama juu yake kama vijiti vya kiberiti. Nimeutazama miaka kumi na minane kabla sijahamia Dar es Salaam, na kila likizo tangu hapo. Kuupanda, nilikuwa sijawahi. Nadhani ndivyo walivyo watu wa Moshi na Kibo chao: wageni ndio wanaotoka mbali kuja kuumizwa magoti.

Desemba iliyopita nilikuja nyumbani na mpango mwingine kabisa. Nilitaka Kitulo. Kila mwaka mvua zikishaanza watu hunirushia picha za uwanda ule, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, unaoitwa Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulitangazwa Hifadhi ya Taifa, na kilichoupa hadhi hiyo si tembo wala simba, ni maua: aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Nilikuwa nimeshajiona nikipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57, ambayo watu huitaja tu "Hamsini na Saba" kana kwamba ni jina la mtu. Usiku wa kuamkia safari mwenye gari akapiga simu kusema mvua imekatakata njia, na gari lake bado analilipia mkopo.

Mjomba alikuwepo, anamalizia ugali. Alisubiri nimalize kulalamika, akanawa mikono, akasema, "Maua unayoyafuata Kitulo, na hapo juu yapo." Akanyoosha kidole bila kugeuka, kuelekea ukuta wa sebule. Mlima ulikuwa nyuma ya ukuta ule.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

*

Kesho yake alipita kuzungumza na watu wa misitu, maana sehemu kubwa ya mlima ule ni hifadhi ya msitu na yeye hapendi kuulizwa maswali njiani. Keshokutwa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, aligonga dirisha la chumba changu. Nje kulikuwa na baridi ile ya Mbeya ambayo watu wa Dar nikiwasimulia huniona mzushi: Desemba, na bado unavaa sweta juu ya sweta. Mjomba alikuwa na koti lake la zamani la reli, kofia ya sufu, na miguuni katambuga. Ndiyo, katambuga, zile za matairi. Mimi nilivaa raba nzuri za kukimbilia, soli nene, rangi mbili, nilizozinunua mtumbani kwa bei ambayo sasa naona ilikuwa onyo.

Mfuko wetu ulikuwa na viazi mviringo vya kuchemsha na maganda yake, chumvi iliyotwangwa na pilipili, parachichi mbili kutoka Tukuyu, ndizi, na chupa ya chai ya tangawizi. Bajaji ilitupeleka hadi dereva aliposema, "Hapa ndipo mwisho wangu, mama." Tukashuka. Mbele yetu palikuwa na mikaratusi, nyuma ya mikaratusi palikuwa na ukungu, na kutoka kwenye ukungu ule jogoo wa mtu fulani alikuwa akiwika kwa hasira.

Loleza hauna utangulizi. Milima mingine hukusindikiza kwanza, inakupa vilima vidogo, kabonde, nafasi ya kufikiri. Huu unaanza. Mji wetu umekaa kwenye mita 1,700 hivi. Kilele kiko mita 2,656. Hizo karibu mita elfu moja ziko pale pale unapoziona, zimesimama, wala hazikuja kwa awamu.

Sababu yake ni nzuri, ingawa magotini hainisaidii kitu. Mbeya ipo mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: moja linatoka upande wa Ziwa Rukwa, jingine linashuka kwenda Ziwa Nyasa, la tatu linaingia Usangu. Ardhi ilipopasuka, vipande vingine vilizama na vingine vikabaki juu. Loleza, pamoja na kilele cha Mbeya kilicho jirani, ni kipande kilichobaki juu. Watu wengi mjini watakuambia ni volkano. Volkano ni Rungwe, ule wa ng'ambo, ambao miaka kama 4,000 iliyopita ulirusha majivu na kokoto nyepesi sehemu kubwa ya eneo hili. Miamba ya Loleza ni mikongwe kuliko hiyo kwa umbali usiosemeka, na ukali wa mpando wake ni ukingo wa mpasuko. Kwa hiyo nilipokuwa nikihema nilikuwa nahemea ufa.

Nilimweleza Mjomba haya yote tuliposimama mara ya tatu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ukisimulia unapanda vizuri. Endelea."

*

Tulipotoka kwenye mikaratusi na kuingia kwenye nyasi, ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini hakucheka siku ile ya ugali.

Mpando mkali una fadhila moja. Njia ikisimama namna ile, ardhi iliyo hatua tatu mbele yako inakuwa usawa wa uso. Huhitaji kuinama kutafuta ua, ua liko puani. Na kwa kuwa kila baada ya hatua ishirini lazima usimame, kila kituo kina chake cha kukuonyesha. Ningekuwa natembea tambarare ningeyapita yote nikiwaza kazi.

Ya kwanza yalikuwa madogo, ya njano, petali sita zilizolala karibu kabisa na udongo kama nyota iliyodondoka. Kisha ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kwa vifundo kuzunguka shina moja refu, na haya niliyatambua kwa ulimi kabla ya macho: utotoni tulikuwa tunayachomoa moja moja na kufyonza asali yake, na aliyechelewa alikuta nyuki au siafu. Nilichomoa moja. Tone lilikuwa dogo kuliko nilivyokumbuka.

Kisha likaja jekundu, koo lake la njano, limesimama peke yake katikati ya nyasi. Nililijua papo hapo, nikabisha. Gladiola. Dar es Salaam nimezinunua mara nyingi, za harusi na, Mungu atusitiri, za misiba, zikiwa zimeviringishwa kwenye karatasi ya nailoni inayopiga kelele. Za dukani ni ndefu na nono. Ni machotara waliozalishwa Ulaya tangu karne ya 19, na mmoja wa mababu zao ni huyu hapa, gladiola pori wa nyanda za Afrika, mwembamba, petali ya juu ameikunja kama kofia ya mtu anayekwepa manyunyu. Kwa maneno mengine, kwa miaka mingi nimekuwa nikilipa pesa taslimu kununua mjukuu wa kitu kilichokuwa kinaota nyuma ya ukuta wa sebule yetu.

Juu zaidi palikuwa na yale yanayofanana na mwenge, shina refu na kichwa kilichoshonana vijimrija, juu vyekundu na chini vya njano, kwa sababu yanachanua kuanzia chini na kubadilika rangi kadiri yanavyozeeka. Wataalamu huyaita Kniphofia. Juu ya moja alining'inia chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, mgongo wake ukimeta kijani. Alikunywa, akahama, akanywa, akahama. Yeye hakuwa anahema hata kidogo.

Na kulikuwa na protea. Hizi ni vichaka, majani magumu kama ngozi, na kichwa cha ua kikubwa kama ngumi, cheupe chenye wekundu wa mbali. Ndugu yao mmoja ni ua la taifa la Afrika Kusini. Za kwetu zilikuwa na mashina meusi tii kwa moto.

Hapo ndipo Mjomba aliposimama bila kuombwa. Akagusa gome, akaniambia niguse. Lilikuwa nene, limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, na vidole vyangu vilitoka na masizi. "Huu mlima unaungua kila mwaka," akasema. "Septemba, Oktoba, ukiwa mjini usiku unaona mstari wa moto unatembea. Ukija Novemba baada ya mvua ya kwanza, ndiyo haya."

Ni kweli. Mimea mingi ya nyasi za milimani imejipanga kwa ajili ya moto na baridi ya kipupwe. Protea ina gome; mingine imeweka akiba yake chini, kwenye kiazi au kitunguu, mahali ambapo moto unapita juu kwa juu. Nyasi zikishaungua jua linafika udongoni, mvua inaanguka, na kila aliyekuwa amejificha anatoka kwa pamoja kabla nyasi hazijamfunika tena. Ndiyo maana mwanzo wa mvua ni mwezi wa maua, na Machi ukija ni mwezi wa kupoteza viatu kwenye majani. Sisemi watu wachome. Moto ukirudi kila mwaka unakula kingo za msitu kidogo kidogo, na msitu ule ndio unaotunza maji. Kwenye korongo moja tuliona miti midogo iliyojaribu kurudi, yote imekauka kwa urefu uleule, kama waliokatwa kwa amri.

*

Saa tatu hivi tulipishana na mama mmoja anashuka, mzigo wa kuni kichwani juu ya ngata, mikono mitupu, anatembea mteremko ule kama anashuka ngazi za kanisani. Mjomba ni Mnyakyusa lakini alimsalimia kwa Kisafwa chake cha kuokoteza, na mama yule akajibu kwa Kiswahili ili kumpunguzia mateso.

"Mnaenda kwenye minara?"

"Hapana dada yangu, tunaangalia maua," Mjomba akasema.

"Ya harusi?"

"Ya kuangalia tu."

Alinitazama mimi, akatazama raba zangu, akamtazama tena Mjomba. Hakuona kichaa, nadhani aliona wikendi. "Haya. Mkishuka mnionyeshe hizo picha," akasema. "Mimi miaka yote naupanda huu mlima nikiangalia miguu."

Alipotuacha nilijaribu kupanda kwa kuangalia miguu. Ni kweli, unaenda haraka zaidi. Nilifika jiwe la mapumziko bila kusimama hata mara moja, na sikuona chochote.

*

Jiwe lenyewe lilikuwa bapa, upana wa kitanda, na tulilikalia tukala viazi. Ukungu ulikuwa umefunguka. Mji wote ulikuwa chini: mabati ya Mwanjelwa yakirudisha jua, barabara kuu ya kwenda Tunduma, na upande wa Iyunga reli, laini kama uzi. Mjomba aliitazama reli kwa muda mrefu. Ameifanyia kazi sehemu kubwa ya maisha yake, TAZARA, ile iliyojengwa na Tanzania, Zambia na China na kuanza kazi rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Yeye alikuwa wa kwenye treni. Mke wake alikuwa akisema ameolewa na ratiba.

Pembeni ya jiwe, nusu imefichwa na nyasi, kulikuwa na shina moja, urefu wa shubiri na nusu. Juu lilikuwa limejaa vijiua vya zambarau iliyopauka, vimebanana kama punje za muhindi, na kila kimoja nyuma yake kina kijipembe chembamba kinachoelekea chini. Nilijua ni nini kwa sababu nilikuwa nimejisomea miezi mitatu kwa ajili ya Kitulo.

"Mjomba, hii ni okidi."

"Ndiyo hizo za watalii?"

"Ndiyo. Na ndizo zinazochimbwa. Wanachimba viazi vyake, wanavikausha, magunia yanavuka Tunduma kwenda Zambia. Huko wanatengeneza chikanda."

Nilikuwa nasema tu, mdomo umejaa kiazi. Yeye aliacha kutafuna.

"Chikanda?"

"Ndiyo."

"Chikanda ya Mpika?"

Mjomba si mtu wa kushtuka. Nimemwona akipokea habari za msiba kwa kuuliza mazishi ni lini. Lakini pale aliweka kiazi chake juu ya jiwe, polepole, kama kimemwunguza. Halafu akanisimulia. Treni ikifika Mpika, kina mama walikuwa wanakuja madirishani na masinia. Chikanda ilikuwa imekatwa vipande kama keki, kahawia kwa ndani, ngumu kidogo ukiuma, ina karanga, ina pilipili, na ina ladha nyingine ambayo hakuweza kuitaja jina. Aliila miaka na miaka. Wenzake walikuwa wakisema ni "nyama ya wasio na hela". Yeye alidhani ni karanga tupu, au maharage, au kitu chochote ambacho mtu analima shambani.

"Hakuna aliyekwambia?"

"Sikuuliza. Unauliza mkate umetengenezwa na nini?"

Nikamweleza nilivyosoma: viazi vya okidi vinatwangwa kuwa unga, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, vinasongwa hadi vishikane, kisha chungu kinawekewa makaa juu na chini. Utelezi wa vile viazi ndio unaogandisha. Aliitikia kwa kichwa kila hatua, kama mtu anayetajiwa mtaa aliowahi kuishi.

"Nilikuwa namletea mama yako," akasema. "Alikuwa anaipenda. Na wewe ulikula." Akanionyesha kwa vidole ukubwa wa kipande. "Ulikuwa na meno manne."

Sijui msomaji angefanya nini hapo. Mimi niliitazama okidi. Miezi mitatu nimekuwa nikiwahubiria watu ofisini kuhusu wachimbaji, kuhusu tamaa, kuhusu mamilioni ya viazi vinavyoondoka nyanda za juu, na kumbe nilianza kula kabla sijajua kutembea.

Mjomba akapiga magoti. Akaokota kijiti, akaanza kufukua pembeni ya shina, kwa uangalifu wa fundi saa. Nilisema, "Mjomba, usiing'oe." Akasema, "Siing'oi. Nataka kuiona. Nimeila bure miaka kumi na tano." Aliondoa udongo kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, mpaka vikaonekana.

Vilikuwa viwili, vimekaa pamoja chini ya shina. Kimoja kimesinyaa, kahawia, ngozi imekunjamana. Kingine kigumu, cheupe cheupe, kimejaa, ukubwa wa njugu mawe iliyonenepa.

"Mbona viwili?"

Hili nililijua. Kile kilichosinyaa ni cha mwaka jana. Ndicho kinacholilisha ua unaloliona sasa, na kinaisha. Kile kigumu ni cha mwakani; mmea unakijaza sasa hivi ili ukienda kulala kiangazi, moto ukipita juu, mvua zikirudi, utoke humo. Mchimbaji hana haja na kilichosinyaa, kimeshaisha. Anachokitaka ni hicho kigumu.

Mjomba alibaki amepiga magoti. "Kwa hiyo kinacholiwa," akasema, "ni ua la mwakani."

"Ndiyo."

"Na mbegu je? Halina mbegu?"

Lina mbegu, tele, laini kama vumbi, upepo unazipeperusha. Lakini mbegu ya okidi haina akiba ndani yake kama punje ya muhindi. Ili iote lazima idondoke mahali penye kuvu fulani wa udongoni wa kuilisha mwanzoni, na hata ikibahatika, miaka kadhaa hupita kabla haijatoa ua. Huwezi kuipanda tuta kwa tuta kama viazi vya Umalila. Ndiyo maana wachimbaji wakimaliza mlima mmoja wanahamia mwingine. Zambia kwenyewe zilipopungua ndipo wakatazama huku kwetu.

Hakusema kitu cha hekima. Alirudisha udongo, akaubana kwa kiganja, akaumwagia maji yetu ya kunywa, nusu chupa, na sikumzuia. Kisha akatafuta vijiwe vitatu akavipanga upande wa chini wa shina ili udongo usimomonyoke. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Akachukua kiazi chake pale alipokiweka, akakitazama kwanza, akakila.

"Ilikuwa tamu lakini," akasema. "Siwezi kukudanganya, Mama. Ilikuwa tamu sana."

*

Kileleni hatukufika. Tulipanda hadi kwenye tuta la juu, simu ikasema mita 2,480, na minara ilikuwa inaonekana karibu kabisa, unaweza kuhesabu nguzo zake. Huko juu nyasi ni fupi, na kulikuwa na yale maua makavu ya fedha na njano yasiyonyauka, unayashika yanalia kama karatasi. Upande wa pili ardhi inaporomoka kuelekea Chunya, na joto la bonde linakuja usoni kama mtu amefungua tanuri mbali. Kusini mashariki Rungwe ulikuwa wazi kwa dakika tano hivi. Halafu wingu moja likatoka upande huo, jeusi chini, linatembea kwa haraka isiyo ya kawaida.

"Tushuke," Mjomba akasema.

"Minara ile pale, Mjomba. Nusu saa."

"Mlima umeanza kuvaa kofia. Mama yako angekwambia nini?"

Angeniambia nianue nguo. Tukashuka.

Mvua ilitukuta kabla ya jiwe. Ya kushuka sitaisimulia sana kwa kuwa sehemu kubwa niliifanya kwa makalio. Nitasema tu kwamba ile njia iliyokuwa udongo mwekundu asubuhi ilikuwa sabuni saa saba mchana, na kwamba soli ya raba yangu ya kulia ilifumuka kuanzia vidoleni, ikawa inapiga makofi kila hatua. Mjomba hakusema neno kuhusu rangi mbili. Alitoa mfukoni kipande cha mpira wa baiskeli, mtu anatembea na kitu kama hicho mfukoni kwa nini sijui, akaifunga raba yangu kama kifurushi. Yeye na katambuga zake alikuwa anashuka bila kuteleza, na mara mbili nilimsikia akiimba.

Tulipofika kwenye mikaratusi tulimkuta mama wa kuni chini ya paa la kibanda, anauza mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nimeloa mpaka kwenye mifupa lakini nilikumbuka ahadi, nikatoa simu. Aliangalia picha moja moja, kidole chake kina majivu, anasogeza kwa uangalifu. Ile ya gladiola aliirudia. Ya chozi alicheka. Ya okidi aliiangalia, akasema, "Hii naijua," akaendelea mbele, nami sikumuuliza anaijua kwa namna gani.

*

Nilirudi Dar baada ya mwaka mpya. Wiki ya tatu ya Januari Mjomba akapiga simu, saa mbili usiku, muda ambao kwa kawaida anasikiliza taarifa ya habari. Shikamoo, marahaba, hujambo Mama, mvua huko vipi, joto je. Kisha akanyamaza kidogo.

"Nilipanda leo."

"Peke yako? Mjomba, na hii mvua?"

"Nilienda kuangalia lile jiwe."

Nikasubiri.

"Nyasi zimefika kiunoni," akasema. "Mawe yote yanafanana. Nimekaa juu ya matatu, kila moja nikaona ndilo. Nimepekua pembeni yake yote, sijaona vile vijiwe vyangu." Nilisikia redio yake kwa mbali, na mtu akifunga mlango. "Wewe si una picha. Nitumie ile yenye minara kwa nyuma, nijue tulikaa tumeelekea wapi. Jumamosi narudi."